Mtwara na Songea

Gari langu lilipoingia Chiola, Nachingwea, kwa mara ya kwanza, watoto hawakuliangalia gari. Waliangalia miguu. Lenyewe ni Vitz tu, kigari cha kawaida, ila kijana wa Dar es Salaam aliyeniuzia alikuwa amelivalisha rimu za sport za inchi 16, zinang'aa kama sufuria za harusi, na tairi nyembamba kama ukingo wa chapati. Nakiri kwamba nilinunua rimu, gari likaja kama nyongeza. Sijawahi kukutana na mwanamume aliyependa gari kwa sababu ya shokapu zake.

Barabara zetu huwa vumbi kiangazi na tope kifuku. Katikati ya misimu hiyo kuna kama wiki moja ambayo barabara ni barabara, na mimi nilifika baada ya wiki hiyo kupita. Siku kumi za kwanza nilipata pancha tatu. Siku ya kumi na moja rimu ya mbele kushoto ilikutana na jiwe, ikapinda ikawa na umbo la korosho.

"Mwalimu," aliniuliza fundi wa tairi, "kwani wewe unafundisha somo gani?"

"Hisabati."

"Basi hesabu mwenyewe. Hapa jiwe, hapa bati. Mpira uko wapi?"

Ushauri wake ulikuwa nishuke hadi rimu za inchi 14, za chuma, kisha nivalishe tairi nene. Nikapinga. Gari lenyewe tumbo liko chini, nikilipunguzia miguu si litatambaa? Hakubishana nami. Alichukua kamba aliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli, akazungusha kwenye tairi langu, akabana kwa kidole pale ncha zilipokutana, halafu akaizungusha kwenye tairi moja la inchi 14 lililokuwa limeegemea mwembe. Kidole kikarudi palepale.

Sikuamini kamba. Usiku nikamaliza chaji yote ya taa ya sola nikipiga hesabu. Tairi langu limeandikwa 195/50R16: upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 50 ya upana huo, rimu inchi 16. Ukijumlisha bavu mbili na rimu, kipenyo ni milimita 601.4. Lile la mwembeni ni 175/70R14, ambalo linatoa milimita 600.6. Tofauti haifiki milimita moja! Gari halishuki, spidi mita haidanganyi, ila ubavu wa mpira unatoka milimita 97 na nusu kwenda 122 na nusu. Karibu inchi nzima ya mpira zaidi kati ya jiwe na bati. Asubuhi nilimwonyesha fundi karatasi yangu. Akaitazama kwa heshima, kisha akafungia nayo nati.

Rimu za chuma nilizipata Masasi. Tairi mpya za kawaida zilikuwepo hapohapo, na fundi alinisihi nizichukue. Lakini likizo ilikuwa imekaribia, na mimi nina ndugu Dar, na mtu mwenye ndugu Dar huwa anajua mahali pa bei nafuu. Nikaenda Ilala kwenye tairi za mtumba kutoka Ulaya.

"Unatoka wapi, kaka?" muuzaji akauliza.

"Kusini. Nachingwea huko."

Uso wake ukachangamka. "Basi hizi zimetengenezwa kwa ajili yenu! Soma hapa." Akapangusa vumbi ubavuni. Zilikuwepo herufi mbili kubwa: M+S. "Mtwara na Songea."

Kando ya herufi palikuwa na kialama cha mlima wenye vilele vitatu, na kitu kama nyota ndani yake. Nikauliza huu nao ni nini. "Kilimanjaro," akajibu bila kupepesa. Kashata za tairi zilikuwa na kina cha kuficha punje ya mbaazi. Nililipa, tena niliongeza hela ya soda.

Fundi alizibonyeza kwa dole gumba, akanyamaza kidogo. "Laini hizi."

"Ndiyo ubora wenyewe," nikamwambia, mimi mwalimu.

Na kwa majuma kadhaa vumbini gari lilitembea kama limevaa soksi. Mambo yaliharibika Novemba, nilipompeleka mjomba hospitali ya Ndanda kutazamwa macho. Kufika Masasi hatukuwa na shida. Tulipoingia kwenye lami saa saba mchana, kila kona gari likawa linakwenda huku na makalio yake yanakwenda kule.

"Mpwa," mjomba akasema, ameshika mlango kwa mikono miwili, "gari nalo limekunywa uraka?" Ulikuwa msimu wa mabibo, kwa hiyo swali lilikuwa na msingi.

Ndanda niligusa tairi, likaniunguza, na vidole vikabaki na chembe nyeusi kama takataka za kifutio. Nikiwa nimechuchumaa hapo, mgeni mmoja wa Kijerumani alipita, akainama, akasoma, akaanza kucheka hadi akavua miwani. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini kilitosha. Hizi ni tairi za theluji. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini hata kwenye baridi chini ya nyuzi 7, kwenye joto letu unalegea na kulika. Herufi M na S ni tope na theluji, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza pia. Na huo mlima ndio cheti: kwao, tangu Oktoba 2024, ukikutwa kwenye theluji na M+S bila mlima, una kesi. Halafu akanionyesha tarakimu nne, 3809. Wiki ya 38, mwaka 2009. Wanafunzi wangu wa darasa la saba walikuwa hawajazaliwa.

Tulirudi kwa mwendo wa baiskeli. Mjomba alikaa kimya hadi tulipokaribia Nachingwea, ndipo akakumbuka karanga. Baba yake alikuwa kibarua kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947: matrekta, tingatinga, reli kutoka Mkwaya hadi Nachingwea, kila kitu kimetoka mbali, na 1951 serikali yao ikanyoosha mikono. Reli nayo ikaja kung'olewa.

"Lakini wale," akasema mjomba, "walikula hela ya serikali. Wewe umekula mshahara wako."

Sasa natembelea tairi za Masasi, 175/70R14, hazina mlima wowote. Rimu iliyopinda tumeitundika kwenye mwembe wa shule iwe kengele. Hailii vizuri, inakohoa tu, lakini watoto wanaingia darasani. Zile tairi nne tulizifukia nusu mbele ya ofisi, tukazipaka chokaa, zimepanga mstari mzuri. Juma lililopita mtoto wa darasa la tatu alipangusa chokaa kwa kidole, akasoma, akaniuliza M na S ni nini.

Walimu wenzangu wote walikuwa barazani.

"Mtwara na Songea," nikamjibu.