Mahakimu wa Baraza

Barazani Mji wa Kale, muuza kahawa hajainamisha dele mara ya pili, hukumu ishatoka: mpigaji wa kriketi ni mbio zake, basi. Mwenye nyingi simba, mwenye chache akauze mbaazi.

Haya mabwana, hesabuni. Kombe la Dunia 1996, mjini Kandy, Steve Tikolo wa Kenya alipiga 96. Sri Lanka walikuwa wameshapiga 398. Kenya ikalala kwa mbio 144. Siku sita kabla, mjini Pune, mbele ya mipira ya Ambrose na Walsh wa West Indies, huyo huyo aliambulia 29. Hakuna Mkenya aliyempita siku hiyo. Kenya ilifika 166, West Indies ya Brian Lara ikazimwa ikiwa na 93 tu.

Kwa hesabu zenu, 29 ni aibu. Tena mbio za bure walizotoa wapinzani zilikuwa 37. Labda hizo ndizo tuzivishe nishani!

Mpigaji hupimwa kwa aliyemrushia, uwanja ulivyokuwa, na shida ya timu saa ile. Asiyeuliza hayo, kahawa yake inapoa, anywe, anyamaze.