Lenzi Inaingia, Kamera Inagoma

Wauzaji wa kamera za mtumba, kutoka Lodwar hadi Kakuma, wana jibu moja tu, nalo hulitoa kabla hujamaliza swali: "Inaingia." Lenzi hii na kamera ile zinapatana? Inaingia. Hii si ya dijitali, na ile ya mkanda? Inaingia, mzee, wewe toa pesa. Na kweli, nyingi zinaingia. Shida huanza baada ya kuingia, wakati muuzaji ameshapokea M-Pesa na simu yake haipatikani.

Mimi sikuomba kuwa mtaalamu wa mambo haya. Kosa la jirani zangu ni kukumbuka kwamba zamani nilikuwa na studio ya picha za pasipoti hapa Lodwar, enzi za mkanda, na tangu vijana warudie mkanda wamenigeuza zahanati ya bure. Wanasema picha za simu hazina roho. Sawa. Lakini lenzi ya simu haitoki, na mtu hawezi kukuuzia nyingine barabarani akakuapia kwamba inaingia. Neema hiyo hawaioni.

Kamera zenyewe ni rahisi mno. Nazungumzia zile za otofokasi, zinazojilenga zenyewe, za kuanzia katikati ya miaka ya 1980 na za miaka ya 1990: Nikon F-801, Canon EOS 300, Minolta 7000 na wenzao. Nyingine bei yake haimfikii hata mbuzi mmoja. Kuna zinazopanda basi kutoka Nairobi, na kuna zinazotumwa na jamaa waliotoka Kakuma wakapewa makao Marekani. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, kwa hiyo ndugu wametapakaa. Mmoja akiokota kamera kwenye vitu vya bei ya kutupa, anampa msafiri amletee binamu. Hizo za Marekani huja na majina yao. F-801 kule iliitwa N8008. EOS 300 iliitwa Rebel 2000, na Japani ikauzwa kama Kiss III. Angekuwa mtu mwenye majina matatu hivyo, chifu angeshamwita ofisini.

Lenzi, kwa upande wake, zina asili nyingine. Mfanyakazi wa shirika akimaliza mkataba, huondoka na kamera yake nzuri ya dijitali na kuacha ile lenzi ndogo ya plastiki ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye sanduku. Kwa hiyo sokoni utakuta miili ya kamera ya mwaka 1990 na lenzi za mwaka 2016, na muuzaji katikati akifungisha ndoa za lazima.

Mpwa wangu anayeishi Kakuma alinijia na ndoa ya aina hiyo: F-801 safi kabisa, mdomoni ina lenzi ya Nikon yenye herufi AF-P. Ilikuwa imejifunga vizuri, hata haichezi.

"Mjomba, imekataa kulenga."

"Haijakataa. Haijaelewa imeulizwa nini."

Nilimfungulia nikamwonyesha. Kwenye mdomo wa F-801, pembeni, kuna ncha ndogo ya chuma iliyochongwa kama bisibisi. Mota iko ndani ya kamera; inazungusha ncha hiyo, ncha inazungusha lenzi, picha inakaa sawa. Ndiyo maana kitako cha lenzi ya zamani ya AF kina mfuo mdogo wa kuipokea. Tulipogeuza kitako cha lenzi yake, mfuo haupo. AF-P ina mota yake ndani, na mota hiyo hungoja amri za umeme ambazo kamera ya mwaka 1988 haijui kuzitoa. Zungusha kwa mkono basi, akasema. Nikamwambia ajaribu. Pete inazunguka kama kawaida, lakini ndani hakuna kinachosogea, kwa sababu hata pete hiyo haijashikana na vioo. Nayo hutuma ujumbe tu kwa mota. Yaani kijana alikuwa amenunua kioo cha kutazamia ukungu.

Nikon wanasifiwa duniani kote kwa uaminifu: umbo la mdomo wa kamera hizi limebaki lile lile tangu mwaka 1959. Mimi uaminifu huo umenichosha. Ni kama mwenyeji mwenye adabu anayemkaribisha kila mgeni kwenye kiti, kisha jikoni hakuna kitu. Lenzi ya AF-S itakaa kwenye F-801, lakini utalenga kwa mkono. Angalau pete yake inafanya kazi. Yenye herufi G haina pete ya kubadilishia tundu la mwanga: weka kamera kwenye hali ya P au S, itakwenda; weka kwenye A au M, tundu linajibana hadi mwisho na picha inatoka giza. Yenye DX itakuletea pembe nyeusi, kwa sababu iliundwa kwa kihisio kidogo cha dijitali na mkanda ni mpana kuliko hicho. Yote hayo yanaingia! Muuzaji hakusema uongo.

Na ubaya wa mkanda ni kwamba hukumu inachelewa. Kwenye simu ungeona palepale. Hapa unapiga picha zako 36 kwenye harusi, mkanda unapanda basi kupita Kitale hadi Nairobi kuoshwa, na habari inayorudi ni kwamba bibi harusi hakuonekana. Nani ataitwa kueleza? Zahanati ya bure.

Ndiyo maana nasema, na wapenzi wa Nikon wanune wakipenda: maskini wa lenzi anunue Canon. Mwaka 1987 Canon walifanya jambo la ukatili. Walitoa EOS 650 yenye mdomo mpya kabisa, na kila aliyekuwa na lenzi zao za zamani za FD akaachwa kwenye mataa. Walitukanwa sana, na walistahili. Lakini kwa mwananchi wa Lodwar usaliti ule umegeuka baraka, kwa sababu tangu siku ile kila lenzi ya EF ina mota yake ndani na inazungumza na kamera kwa umeme mtupu. Chukua EF 50 f/1.8 STM ya mwaka 2015, ifunge kwenye EOS 650 ya mwaka 1987: inajilenga. Na EF-S, ambayo haifai kwa mkanda, haiingii kabisa. Canon akikukatalia anakukatalia mlangoni, kabla hujamlipa mtu.

Isipokuwa Kakuma kuna mafundi.

EF-S ilikuja mwaka 2003 pamoja na EOS 300D, ya dijitali. EOS 300 bila D ni ya mkanda, ya mwaka 1999. Herufi moja hiyo imekula pesa za watu. Alama ziko wazi: EF ina kitone chekundu, EF-S ina mraba mweupe, na kitako chake kimechomoza nyuma na kina pete ya kukizuia kisiingie pasipostahili. Sasa jamaa mmoja mwenye EOS 300 alipewa 18-55 ya mraba mweupe, ikakataa, akaipeleka kwa fundi wa simu, kijana wa Kikongo mwenye mikono myepesi kweli. "Papa, hii tunakata tu," fundi akamwambia. Akapasha kisu moto, akaikata ile pete, akaipiga msasa, ikaingia. Wakapiga picha ya kwanza kwenye 55, ikakubali. Wakashangilia. Wakazungusha hadi 18, wakabonyeza. Kak! Kile kioo cha ndani kinachoruka kila unapopiga kiligonga kitako cha lenzi kikakwama katikati, kamera ikafa ganzi. Walipoileta kwangu, fundi bado alikuwa na uso wa ushindi. "Lakini iliingia, Papa."

Kuna na Sigma za miaka ya 1990 zenye mdomo wa Canon. Sigma waliiga lugha ya Canon kwa kubahatisha, basi kwenye kamera zilizotoka baadaye hupiga tundu likiwa wazi kabisa tu. Ukilibana, kamera inagoma. Minolta sitaki kuizungumzia sana. Sony waliinunua biashara ile mwaka 2006, kwa hiyo lenzi za Sony za mdomo A hukaa kwenye Minolta 7000, ila zenye mota ndani hazijilengi, na za mdomo E ni ukoo mwingine. Inatosha.

Joto letu nalo lina sehemu yake. Fungua mlango wa nyuma wa EOS ya zamani utazame yale mapazia ya shata. Ukiona doa jeusi linalong'aa kama lami, ni sponji ya ndani imeyeyuka, na hakuna lenzi ya kuiponya. Nikon F80 nayo huota ulimbo mgongoni: raba inakuwa ya kunata, na kwa vumbi la hapa, kufikia jioni umeshika kitu chenye manyoya.

Basi umesikia ushauri wangu, umenunua EOS 300 na EF ya kitone chekundu. Hongera. Sasa tafuta betri. F-801, ile niliyoitukana, inakula betri nne za AA, na hizo utazipata hata kwa mama anayeuza sukari ya kupima. EOS 300 inataka CR2, mbili. Nenda ukaulize CR2 dukani hapa Lodwar. Nimeonyeshwa betri ya saa, betri ya rimoti, na safari moja betri ya pikipiki. Yenye betri haina lenzi, yenye lenzi haina betri, na mimi niko katikati nikiombwa maoni.

Canon walitengeneza kishikio kiitwacho BP-200 kinachofungwa chini ya EOS 300 na kukubali AA nne. Aliye Nairobi akikiona kwenye lundo la mtumba, asikipite. Anipigie, hata kikiwa kimekwaruzika. Na mwenye duka yeyote kati ya Lodwar na Kakuma: agiza CR2. Ukizileta nitazinunua zote, wala sitaomba upunguze bei.