Sifa za Mkuu wa Msafara

Watu husifu gari jipya, siti ya dirishani, hata dereva anayepenya foleni ya Kibamba kama uzi kwenye tundu la sindano. Mtoto mchanga ndani ya daladala hajapata wa kumsifu. Akiingia watu wanaguna. Akilia wanatazama nje kana kwamba Kiluvya wanaiona leo. Mimi nimesafiri na binti yangu wa miezi sita, pamoja na mama yake, kutoka Maili Moja, Kibaha, hadi Kisarawe kwa bibi yangu, na nikinyamaza nitakuwa nimemkosea adabu.

Ukiangalia ramani, Kibaha na Kisarawe ni majirani wa kuombana chumvi. Zote ziko Mkoa wa Pwani, na mipaka yao inagusana. Lakini mpanda daladala hasafiri kwenye ramani. Anafuata Barabara ya Morogoro mpaka Mbezi, ndani ya Dar es Salaam. Pale anadaka gari la Gongo la Mboto linalopita Malamba Mawili, Kinyerezi na Banana. Kisha anatafuta la tatu la kukwea Pugu. Magari matatu na mkoa wa watu katikati, kwenda kuomba chumvi. Ipo treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, nayo inatoka Pugu kwenda Soga, ndani ya Wilaya ya Kibaha, kama mshale. Ila kutoka Maili Moja hadi Soga ni safari nyingine yenye begi lake, na treni inaondoka kwa saa yake. Mkuu wa msafara wangu haendi kwa saa ya mtu.

Kabla hajazaliwa nilikuwa nasafiri na simu, funguo na nauli. Siku ile nilibebeshwa begi lenye nepi, kanga tatu, nguo za kubadili mara nne, chupa ya maji ya moto, uji, kijiko chake, kijiko cha akiba na kadi ya kliniki. Nikauliza kadi ya nini, hatuendi kliniki. Mama yake akanitazama kwa huruma. "Mtoto hatoki bila kadi." Kitambulisho changu mimi nilikisahau mezani, na hakuna aliyejali. Watani zangu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, na mpaka leo wanatutambia kwa hilo sisi Wazaramo. Sawa, lakini wao walilipwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba inampa siku 3. Zamani niliona ni dhuluma. Sasa nadhani aliyeandika kile kifungu aliwahi kupanda daladala na mtoto, akajua kwamba siku ya nne baba atakimbilia kazini bila kusukumwa.

Pale Maili Moja tulikuta wanafunzi wamesimama kituoni muda mrefu. Gari lilipofika, konda akaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu! Wawili tu!" Mwanafunzi analipa nauli pungufu, na kwa upungufu huo anaachwa juani. Binti yangu halipi hata senti moja. Yeye konda alimwona kwa mbali, akaruka chini, akapokea begi, akapaza sauti: "Mama mtoto, panda! Kaka, mpishe mama mtoto hapo." Kaka aliyevaa tai akainuka, akinitazama mimi kama ndiye niliyemnyang'anya. Nimeshindwa kupiga hesabu ya nauli hii. Anayelipa pungufu ni mzigo, asiyelipa kabisa ni mheshimiwa.

Mbezi, kwenye kile kituo kikubwa cha mabasi ya mikoani kilichozinduliwa Februari 2021, niliwaona akina mama wenye watoto mgongoni wakiyafuata mabasi ya Mwanza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulalamikia bega. Nikaufunga.

Utukufu wenyewe niliuona katika gari la pili. Alipanda muuza dawa, chupa mkononi, akatusalimu abiria wenzake, akaanza: dawa hii inatibu kiuno, inatibu vidonda vya tumbo, inatibu... Hapo mkuu wa msafara akaomba kuchangia hoja. Muuza dawa akapandisha sauti. Naye akapandisha. Jamaa akajaribu kusubiri apumue, lakini mtoto wa miezi sita ana pumzi ambayo Mungu hakuwapa wafanyabiashara. Alishuka Malamba Mawili na chupa zake zote. Nimepanda daladala miaka mingi, sijawahi kuona muuza dawa akishindwa kwa hoja.

Kilio hakikukoma, basi gari likageuka baraza. "Mpe nyonyo." Ameshakataa. "Tumbo hilo, mlalisheni kifudifudi." "Ana joto, mvueni soksi." Mama mmoja wa makamo akaja juu: "Asivuliwe! Hamuoni upepo huo?" Hoja zikapingana, kila upande ukitaja idadi ya watoto uliolea. Mwishowe ukafikiwa muafaka ambao hata Bunge lingejivunia: ivuliwe soksi moja. Ikavuliwa ya kushoto. Kwikwi ikaanza. Bibi aliyeketi siti ya nyuma hakusema neno. Alichomoa uzi kwenye ncha ya kanga yake, akaulowesha kwa mate, ukapitishwa mkono kwa mkono mpaka mbele, ukabandikwa kwenye paji la uso. Kwikwi ikakata. Hatukuulizana majina. Alishuka Kinyerezi, na binti yangu akaendelea na safari akiwa na mate ya mtu wa Kinyerezi usoni.

"Lete nimpakate, mama, upumzike mikono." Aliyesema hivyo alikuwa kijana mwenye rasta, ambaye usiku ningevuka barabara nisipishane naye. Akampakata. Kutoka kwake mtoto akaenda kwa dada wa saluni, kutoka kwa dada akaenda kwa mzee mwenye kofia. Mimi niliyemleta duniani nilikuwa nimebanwa mlangoni na begi, kwapa la mtu machoni.

Kulikuwa na kesi ya dirisha pia. Dada wa saluni alilifunga akiogopa nywele zake zisiingie vumbi; jirani yake, mwenye jasho, akataka lifunguliwe. Walinuniana vituo kadhaa. Karibu na Banana mkuu wa msafara akakunja uso, akawa mwekundu, akatulia kama mtu aliyetia saini. Dada mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akafungua dirisha hadi mwisho, na la upande wa pili akaagiza lifunguliwe. Shauri likaisha bila wakili.

Gongo la Mboto mama ntilie mmoja alisogeza masufuria, akatupa benchi na maji. Mama mtoto akamaliza kazi kabla sijajua nishike nini. Nikapewa nepi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mtu hana tena ule mweusi wa kuficha aibu zake, na pipa la taka sikuliona. Tulikuwa na mifuko mbadala miwili, mmoja una sukari na mkate wa bibi, wa pili mtupu. Nikautumia wa pili. Soksi ya kushoto ndipo ilipogundulika kwamba ilibaki kwenye gari, labda kwa rasta, labda kwa mzee wa kofia.

Gari la tatu lilipoanza kupanda Pugu, akalala. Bila shaka, njia ilikuwa karibu kuisha. Hapo Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha hadi mwaka 1955, alipoacha kazi ili aitumikie TANU. Safari zake za kwenda mjini zinasimuliwa hadi leo. Nyumbani walikuwepo watoto wadogo, lakini za nepi hajazisimulia mtu.

Msitu ukatupokea, hewa ikapoa. Nikakumbuka mwana hiti. Mwali wa Kizaramo alipowekwa ndani alipewa mtoto wa mti, mwenye kichwa na kishungi, asiye na mikono wala miguu, akamwogesha, akampaka mafuta, akamtunza kama wa kumzaa. Baadhi ya watoto hao sasa wako kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wamesafiri mbali kuliko ukoo wangu wote, ndani ya masanduku, kimya kabisa, bila kuchafua nguo. Na njia nzima hakuna kijana wa rasta aliyesema leteni nimpakate.

Kisarawe tulishuka mimi nikiwa na begi mgongoni na mfuko kila mkono. Mkuu wa msafara alifumbua macho mlangoni kwa bibi, akacheka, meno yote mawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mke mwenzangu, karibu. Lete kitukuu changu hapa." Akambeba, akamgeuza, akamnusa utosini. "Mpole huyu! Njiani hakuwasumbua kabisa, naona." Kisha akashika mguu wa kushoto. "Soksi yake?"

Nikaanza kueleza habari za muafaka. Bibi hakusikiliza, alikuwa amemkabidhi mtoto kwa mama yake na kuunyooshea mikono miwili mfuko wa mkono wangu wa kulia, huku akishukuru kwamba tumemkumbuka.

Sukari ilikuwa kushoto.