Fadhila za Mashine Isiyosukumwa

Tangu mwaka 1830, Edwin Budding wa Uingereza alipobuni mashine ya kukatia majani na kuwaahidi mabwana kwamba kuisukuma wenyewe kutawapa furaha na siha, binadamu hawajafikwa na mtihani mzito kama huu: wanunue ile ya betri, ambayo ingali yamlazimu mwenyewe kuifuata nyuma, au roboti, izungukayo bustanini usiku, na kalunguyeye, ambaye kwa utovu wa elimu hujikunja badala ya kuipisha, shauri lake? (Mbuzi hakufikiriwa, hana programu.) Mimi naitetea roboti bila kusita, kwani bwana aliyesalimika na taabu hiyo hupata wasaa wa kwenda kwa gari kulipa ada katika ukumbi wa mazoezi, akasukume chuma kisichokata hata unyasi mmoja.