Apige Nani, Abutue Nani?

Watu wa Muze, kule bondeni Rukwa, pokeeni habari hii: mtoto wenu aliyeko Maryland amegundua kwamba Marekani kuna watu wazima wanaolipwa kwa kuinama. Mtu anaweka mpira chini, anainama, anautupa nyuma kupitia katikati ya miguu yake, kisha anarudi benchi kunywa maji. Hapigi chenga, hadaki, hafungi. Msimu wa 2024, kima cha chini cha mchezaji mgeni katika ligi yao kuu, NFL, akikaa kikosini msimu mzima, kilikuwa dola 795,000, na wa kuinama naye yumo. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni mbili. Mtoto wenu ameinama kwenye majaruba ya mpunga tangu utotoni, na malipo yake yalikuwa kuambiwa aharakishe, jua linazama.

Kilichochokoza barua hii ni ubishi wa chumba cha mapumziko kazini. Mtoto wenu anafanya kazi kwenye ghala ambamo kila kitu kina mashine yake isipokuwa mgongo wake. Wafanyakazi wenzake wana timu ya mpira wa Kimarekani ya kujifurahisha, na mmoja wa wapigaji wao amehamia jimbo jingine. Wakala chakula chao chote cha mchana wakigombana: je, aliyebaki anaweza kupiga mateke ya aina zote mbili? Mmoja alisema haiwezekani, mwingine akasema inawezekana lakini ni hatari. Mtoto wenu, ambaye huko nyumbani alidaka, akapiga kona, akapuliza mpira kwa pampu ya baiskeli na kubeba nyavu kichwani, alidhani wanatania.

Hawakuwa wanatania.

Elezeni wazee hivi. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikishindwa mara tatu, kwenye jaribio la nne ina njia tatu. Ijaribu tena kwa mabavu. Au, ikiwa karibu na goli, mwenzao apige goti moja, ausimamishe mpira kwa ncha ya kidole, na mpigaji aje mbio aupitishe juu ya mwamba, katikati ya nguzo mbili ndefu: pointi tatu. Au, ikiwa mbali, mtu asimame nyuma kabisa, arushiwe mpira, auachie kutoka mikononi na kuubutua kabla haujafika chini, ili adui akaanzie safari kwao.

Ndiyo, kubutua. Kazi ile ambayo beki wetu wa kushoto aliifanya bure kila Jumapili huku uwanja mzima ukimzomea, hapa ina mtaalamu wake na mwalimu wake. Ina hata shujaa katika jumba lao la heshima: Ray Guy wa Raiders, aliyeingizwa mwaka 2014 akiwa wa kwanza kuingia humo kwa kubutua tu. Na yule mshambuliaji aliyepaisha penalti kwenye fainali ya ndondo, watoto wakatumwa kuutafuta mpira mpunga ulikoishia, aambiwe alizaliwa bara lisilo lake. Mwamba wa huku uko mita 3.05 kutoka chini, na mpira usipopita juu yake, hupati kitu.

Jibu la mtoto wenu kazini lilikuwa fupi: mleteni golikipa yeyote. Golikipa hupiga mpira uliotulia chini anapoanzisha kutoka golini, na dakika ileile akidaka krosi huudondosha mguuni na kuupeleka upande wa pili. Hakuna aliyewahi kumwita mtu wa ajabu kwa hilo. Djigui Diarra wa Yanga anafanya yote mawili na bado anapata nafasi ya kudaka. Boubacar Barry wa Ivory Coast, kule Bata mwaka 2015, aliokoa penalti ya kipa mwenzake wa Ghana, kisha akapiga mwenyewe iliyoleta Kombe la Afrika.

Wamarekani walisikiliza kwa adabu. Kisha wakaanza kumfundisha mtoto wenu kuhusu mguu wake mwenyewe.

Hoja yao, ukiiondolea majivuno, ina maana. Mpigaji wa pointi huja kwa pembeni na kupiga kwa ndani ya mguu, kama wapigavyo watu wetu. Mtindo huo aliuingiza kwenye ligi zao Pete Gogolak, mzaliwa wa Hungaria, mwaka 1964. Kabla yake walikuwa wakipiga kwa ncha ya kiatu, wamenyooka. Tangu mpira urushwe nyuma hadi upigwe, ni sekunde moja na nukta kidogo. Mbutuaji ana shughuli nyingine kabisa: anakwenda moja kwa moja, mguu unapanda mpaka usawa wa uso, na anataka mpira ukae hewani zaidi ya sekunde nne ili wenzake wafike kabla haujadakwa. Kinachomwadhibu ni mkono: akiuachia mpira umepinda kidogo tu, unakwenda kwa majirani. Mpira wenyewe, uliochongoka kama papai changa, una uzito unaokaribia sana ule wa mpira wetu, lakini haurudishi hisani. Halafu kuna fundo la mwisho. Katika timu nyingi, anayepiga goti kumshikia mpigaji mpira ni mbutuaji. Ukimpa mtu mmoja kazi zote mbili, umepata miguu na umepoteza kidole.

Mtoto wenu angenyamaza hapo, kama si Jumapili ya tarehe 15 Septemba 2024.

Siku hiyo, saa saba mchana, New York Giants walikuja kucheza na Washington Commanders pale Landover, Maryland. Muze ilikuwa saa mbili usiku. Mlikuwa mmekwisha kula, pengine perege wa Ziwa Rukwa, na mtoto wenu anaomba msimjibu kama ni kweli, kwa sababu yeye alikuwa na mkate wenye kitu cha njano ndani. Graham Gano, mpigaji wa Giants, alianzisha mpira, akatoka mbio kumfukuza aliyeudaka, akaumia msuli wa nyuma ya paja. Kazi yake ikaishia hapo, mchezo ukiwa bado kwenye sekunde za kwanza. Kikosi cha NFL kina watu 53. Kina mtu wa kuinama. Mpigaji wa akiba siku hiyo hakuwepo.

Mbutuaji alikuwepo: Jamie Gillan, Mskoti wa Inverness, mtu aliyewahi kucheza raga, mguu wake una nguvu ya kutisha. Giants walipofunga, yaani kuingia na mpira eneo la mwisho kwa pointi sita, Gillan akaitwa kupiga ile ya nyongeza yenye pointi moja. Akakosa. Tangu hapo benchi likaona heri kuhangaika na nyongeza ya mabavu, na hizo nazo zikagoma. Walifunga mara tatu. Pigeni hesabu wenyewe, 18. Washington hawakufunga hata mara moja. Walichofanya ni kumwita Austin Seibert, waliyekuwa wamemsajili wiki hiyohiyo, apige za pointi tatu. Alipiga saba, zikaingia saba.

Matokeo yakiwa 18 kwa 18, dakika kama mbili zimebaki, Giants walikuwa kwenye yadi ya 22 ya Washington. Kwa mpigaji mzima, hapo ni mlangoni. Kocha akatazama benchi lake na kuagiza pasi. Kijana wao Malik Nabers aliiangusha. Washington wakapanda uwanja taratibu, mbutuaji wao Tress Way akapiga goti, Seibert akapiga la saba huku saa ikiisha: 21 kwa 18. Katika NFL ilikuwa haijatokea timu ifunge mara tatu, isifungwe hata mara moja, na ipoteze ndani ya muda wa kawaida.

Utamu wenyewe ndio huu. Seibert, alipokuwa Chuo Kikuu cha Oklahoma kuanzia 2015 hadi 2018, alipiga na kubutua, misimu yote minne. Alitoka pale na pointi 499, rekodi ya wapigaji wa vyuo kwa wakati ule. Akaingia NFL mwaka 2019 kupitia Cleveland, wakamwambia alenge tu; kubutua kulikabidhiwa mgeni mwenzake wa msimu uleule, Jamie Gillan. Kwa hiyo pale Landover mtu aliyelelewa na kazi zote mbili alikuwepo uwanjani, upande wenye wapigaji wawili wazima.

Mtoto wenu aliwapelekea jambo hili wenzake wa chumba cha mapumziko, akaongeza na historia yao wenyewe. Sammy Baugh wa Washington, msimu wa 1943, aliongoza ligi nzima kwa kurusha pasi, kwa kubutua na kwa kunyakua pasi za adui. Mtu mmoja, jezi moja. Frank Corral wa Los Angeles Rams alipiga na kubutua misimu ya 1980 na 1981, akiwa karibu wa mwisho kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu. Kilichobadilisha mambo ni kanuni: tangu 1950 timu inaruhusiwa kubadilisha wachezaji itakavyo, na kwa kuwa mchezo husimama kila baada ya sekunde chache, kila shughuli ikazaa mtaalamu wake. Ndondo yetu ingepewa wachezaji 53 na ruhusa ya kuwaingiza na kuwatoa bila mwisho, baba mdogo naye angedai namba ya kufunga kamba za viatu.

Mtoto wenu anaona Wamarekani wana hofu kubwa kuliko sababu. Mguu unaweza, kinachokosekana ni mtu wa kuupa mguu huo muda wa mazoezi mara mbili, wakati kuna fedha za kununua mguu wa pili.

Lakini kuna sheria moja ambayo hata akili iliyozoea mteremko wa Lyamba lya Mfipa haiwezi kuiteremka. Ni ya kuanzisha mpira, iliyobadilishwa msimu huohuo wa 2024. Mpigaji anaachwa nyuma peke yake kwenye yadi ya 35. Wenzake kumi wamepelekwa mbele, upande wa adui, wakatazamana na wapinzani, yadi tano katikati yao. Anapiga. Mpira unapita juu ya vichwa vyao, na wao hawaruhusiwi kusogeza mguu hadi utue chini au uguse mtu kule mwisho. Waliopewa uhuru wa kutembea ni wapokeaji tu. Watu wazito, wenye mabega ya kuezua nyumba, wanasubiri kimya wakisikiliza mpira uanguke. Mtoto wenu akiwafikiria watoto wa Muze wakiambiwa wasiukimbilie mpira hadi utue, hucheka peke yake ndani ya basi, na abiria wa jirani huhama kiti.

Na mpigaji anapotaka kupiga la ushindi, kocha wa upande wa pili huomba mapumziko ili akae na mawazo yake apooze. Kazi hiyo kwetu ilikuwa ya kamati ya ufundi, na ilianza tangu usiku.

Ubishi huu umewafikia hata Waafrika Mashariki wa huku. Mganda mmoja hakubali mazungumzo ya Giants yaanze bila Mathias Kiwanuka, aliyechukua nao Super Bowl mbili, yaani ubingwa wa NFL, na ambaye ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Mkenya anamleta Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts mwaka 2013. Wote wawili wanamgeukia Mtanzania. Mtanzania anamtaja Hasheem Thabeet, wanamkumbusha kwamba ule ni mpira wa kikapu, na Mtanzania anakwenda kuongeza chai.

Basi mtoto wenu akasema atajibu kwa mguu. Wenzake wa kazini wakampeleka kwenye bustani ya manispaa na kumpa kifaa: kijichuma cha miguu mitatu chenye mkono mwembamba uliopinda. Unasimamisha mpira chini, mkono ule unaukandamiza kwa juu, nawe unapiga bila kumsumbua binadamu. Alikizunguka. Alikigusa, mpira ukaanguka. Akaonyeshwa kwamba kinainamishwa kidogo kulingana na upepo, na kwamba kuna watu wana maoni makali kuhusu nyuzi za mpira zielekee wapi. Kwetu kazi ya kifaa hiki ilifanywa na kichuguu au na mdogo wako, na hakuna kati yao aliyehitaji kukunjwa na kutiwa mfukoni. Siku hiyo kulikuwa na baridi ya Sumbawanga mjini mwezi wa saba, naye ni mtu wa bondeni, mwili umezoea joto la chini ya ukingo. Alipiga. Ulipita juu ya mwamba. Akabutua pia, kwa mtindo wa kipa, na mpira ukakaa hewani vya kutosha wenzake kutikisa kichwa.

Wakashauriana pembeni muda mrefu. Kisha nahodha akaja na uamuzi. Yule mpigaji wao aliyebaki, fundi bomba mmoja mwenye umri wa kustaafu, atafanya kazi zote mbili, kwa sababu ubishi umewathibitishia kwamba inawezekana. Mtoto wenu wamempenda kwa utulivu wa mikono yake ya kipa. Wamempa nafasi ya kupiga goti na kushika mpira.

Kwa hiyo shangazi akiulizwa pale sokoni, aseme mtoto anacheza mpira Marekani. Namba asitaje. Na kama kuna mtu anakuja huku kupitia Dar, dagaa wakaushwe vizuri na wafungwe mara mbili, wapimaji wa uwanja wa ndege wa huku wana pua.