Gari Jipya Hukaguliwa kwa Makalio

Kulinganisha magari mapya kwenye maonyesho huanza mlangoni, na ni mlangoni hapo ambapo wakaguzi wengi hushindwa. Vishikio vya milango vya miundo mingi ya miaka ya karibuni vimezamishwa ndani ya bodi ili upepo usipate pa kung'ang'ania. Vingine hujitokeza vyenyewe mwenye ufunguo akikaribia. Vingine hutaka kubonyezwa upande mmoja ili upande wa pili uinuke. Katika Maonyesho ya Sabasaba, yanayofanyika kila mwaka kati ya mwishoni mwa Juni na katikati ya Julai kwenye viwanja vya Mwalimu J.K. Nyerere, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, watu wazima wenye leseni za siku nyingi huonekana wakipapasa ubavu wa gari, huku watoto wao wakiwa wameshaingia zamani kwa mlango wa upande wa pili. Hakuna anayeuliza. Mtu akiuliza gari linafunguliwaje, amekwisha kutangaza kwamba amekuja kwa daladala.

Akishaingia, hukutana na harufu. Kinachoitwa harufu ya upya ni mvuke wa kemikali unaotoka kwenye plastiki, gundi, rangi na vitambaa. Hupungua wiki zikipita, na huongezeka gari likipigwa na jua. Nchini China wanunuzi wengi huilalamikia, na watengenezaji huhangaika kuiondoa. Dar es Salaam mambo ni kinyume: mgeni huivuta macho yakiwa yamefumbwa, kisha humwita mkewe naye aje avute. Ni kwa upendo huohuo kwamba nailoni za kiwandani huachwa kwenye viti mpaka zichanike zenyewe. Nailoni haihifadhi upya wowote. Huhifadhi jasho.

Kiti ndicho sehemu inayokaguliwa kwa bidii kuliko zote na kueleweka kidogo kuliko zote. Mgeni hukaa, hudunda mara mbili, husema "laini," na hukumu imekwisha kutolewa. Lakini ulaini wa dakika tatu si ulaini wa Dar es Salaam hadi Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Kiti laini mno humwacha mtu azame, mgongo ukunjike, na safari ikifika Morogoro abiria ameanza kutafuta upande wa kukalia. La kupima ni kama sehemu ya kukalia ni ndefu kiasi cha kushika mapaja, na kama usukani unaweza kuvutwa karibu pamoja na kuinuliwa. Kuhusu ngozi, ni vema kujua kwamba katika magari mengi yanayotangazwa kuwa na "viti vya ngozi," ngozi halisi iko pale tu mwili unapogusa. Ubavuni na nyuma ya kiti ni plastiki iliyofinyangwa ifanane nayo. Rangi ya krimu hupendeza kuliko zote jukwaani. Hupendeza mpaka familia inayotoka banda la jirani na mihogo ya kukaanga yenye pilipili inapoamua kwamba nayo ijaribu.

Hatari ya pekee ni kiti chenye kumbukumbu. Pembeni mwake au mlangoni kuna vitufe vyenye namba, na kila namba imetunza mkao wa dereva fulani. Namba 1 kwa kawaida ina mkao wa mhudumu wa banda, kijana mwembamba. Mzee mwenye kitambi akiibonyeza kwa udadisi, kiti huanza kwenda mbele, polepole, kwa heshima zote, bila kusikiliza maombi, mpaka tumbo na usukani vikutane. Mota ya kiti haina haraka, na hilo ndilo linaloifanya itishe. Kubonyeza swichi nyingine yoyote ya kiti kwa kawaida huisimamisha, lakini katika hali ile mzee huwa anatafuta mlango, ambao naye hajui unavyofunguliwa kwa ndani.

Dashibodi hukaguliwa kwa vifundo vya vidole: mgeni huigonga kama anayechagua tikiti maji, na huisikiliza. Ikitoa mlio wa plastiki ngumu, hutikisa kichwa. Ikibonyea kidogo, hutabasamu. Hapa wakaguzi wengi wana makosa. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hupanda joto kwa takriban nyuzi 20 juu ya joto la nje ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kwa joto la namna hiyo, miaka ikipita, baadhi ya plastiki laini hupasuka, nyingine hugeuka kunata kiasi cha kushika vumbi na nzi. Plastiki ngumu ya gari la kazi hubaki ilivyo na hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Plastiki nyeusi inayong'aa, iliyotapakaa kila mahali siku hizi, ina tabia yake: huonyesha alama ya kila kidole kilichoigusa. Ndiyo maana kila banda lina mhudumu mmoja ambaye kazi yake, kutwa nzima, ni kufuta.

Kisha skrini. Mwaka 2012 Tesla Model S ilikuja na skrini ya kugusa ya inchi 17, na tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakishindana kama wauza televisheni. BYD walikuja na skrini inayozunguka, ikalala au ikasimama. Katika Atto 3 yao waliweka hata nyuzi kwenye mifuko ya milango, zinazolia zikikung'utwa mfano wa gitaa. Yote haya huvutia umati. Tatizo ni kwamba skrini imemeza vitufe. Kupunguza kiyoyozi, kazi ambayo zamani dereva aliifanya kwa kuzungusha kidude bila kuondoa macho barabarani, sasa yaweza kudai kufungua ukurasa, kutafuta picha ya feni na kuigusa palepale gari linapopita kwenye tuta. Kidole hukosa feni na kuwasha joto la kiti, kifaa ambacho kinastahili heshima Ulaya wakati wa theluji na ambacho Dar es Salaam hugunduliwa baada ya dakika chache, mgeni akidhani amepata homa. Malalamiko ya kukosekana kwa vitufe yamefika mbali: Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari barani Ulaya, katika vigezo vyake vya 2026 linanyima alama magari yasiyo na vitufe au swichi halisi za vitu kama indiketa, honi, waipa na taa za hatari. Mkaguzi anayetaka jibu la haraka afumbe macho na ajaribu kuongeza sauti ya redio. Akifaulu, gari hilo limeundwa na mtu anayeendesha.

Kuwasha gari nako kumebadilika. Palipokuwa na tundu la ufunguo pana kitufe, na kitufe hicho kikibonyezwa bila kukanyaga breki hakiwashi injini; huwasha taa, redio na feni tu. Wageni hubonyeza, husikia muziki, hushuka wakiwa wameridhika. Wakifanya hivyo tangu asubuhi mmoja baada ya mwingine, betri huisha, na ndiyo sababu magari ya maonyesho mara nyingi huunganishwa kwa waya na chaja iliyofichwa. Chaja ikisahaulika, jioni gari jipya kuliko yote uwanjani hubustiwa na pikapu kuukuu ya kubebea mahema. Breki ya mkono nayo imekuwa kitufe kidogo chenye herufi P ndani ya duara, na madereva wa zamani huonekana wakiitafuta kwa mkono wa kushoto, wakishika hewa.

Ukweli ni kwamba mgeni halilinganishi gari la jukwaani na la banda la pili. Hulilinganisha na lile aliloliacha nyumbani, ambalo kwa Watanzania wengi limetumika kwanza Japani. Gari hilo bado linakumbuka kwao. Likiwashwa asubuhi, sauti ya mwanamke humwarifu dereva kwa Kijapani kwamba hakuchomeka kadi ya malipo ya barabara za kulipia. Dereva wa Kimara huitikia "asante" na kuondoka. Redio yake ya FM iliundwa kwa masafa ya Japani, yanayoanzia megahezi 76 na kwa miaka mingi yaliishia 90, ilhali stesheni za Tanzania ziko kati ya 88 na 108. Bila kifaa cha kubadilisha masafa, mwenye gari husikiliza stesheni mbili tatu tu, apende asipende. Ndiyo maana kwenye maonyesho jambo linalosifiwa kwa mshangao wa kweli si skrini ya inchi 15. Ni kwamba menyu zinasomeka.

Viti vya nyuma havipati wakaguzi wengi, kwa kuwa kila mtu amekuja kushika usukani. Lakini ndiko wanakokaa mama mkwe, watoto na gunia la mchele. Inafaa kuketi katikati, ambako magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma huwa na nundu sakafuni inayopitisha shafti. Mengi ya yale yaliyoundwa kuwa ya umeme tangu mwanzo sakafu yake ni tambarare. Safu ya tatu, pale ilipo, imekusudiwa watu wasio na miguu. Anayekagua huko nyuma aangalie kwanza kitasa cha usalama wa watoto, kijiswichi kilichoko ukingoni mwa mlango: kikiwa kimefungwa, mlango haufunguki kwa ndani, na mgeni atagonga kioo akitabasamu, kisha atagonga bila kutabasamu.

Buti hufunguliwa na wachache, na tairi la akiba huulizwa na wachache zaidi. Magari mengi mapya hayana. Mahali pake pana chupa ya gundi na pampu ndogo, vinavyotosha kwa msumari wa mjini na si kwa jiwe la barabara ya vumbi lililochana ubavu wa tairi.

Mwisho ni bei. Gari la jukwaani karibu siku zote ni la daraja la juu, "fuli" kama wasemavyo vijana wa yadi: paa la kioo, ngozi, spika kila kona. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ukutani mara nyingi ni ya daraja la chini, lenye viti vya kitambaa na skrini ndogo, ambalo halikuletwa uwanjani. Na haina budi kuulizwa kama VAT imo ndani yake au la. Karatasi ya vipimo inaeleza yote hayo, kwa maandishi madogo. Mhudumu huitoa pamoja na daftari la wageni lenye safu tatu: jina, simu, gari unalotaka. Safu ya tatu hujazwa kwa moyo mkunjufu. Ya pili, wahudumu wazoefu wanajua, mara nyingi hupungukiwa tarakimu moja.