Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Kusaini

Janabu Mheshimiwa, mwenye daraja, mwenye ofisi na mwenye muhuri,

Natumai waraka huu utakukuta mzima wa afya, wewe na ahli zako wote, na kwamba kiyoyozi cha ofisini kinafanya kazi. Sisi huku Tibirinzi, Chake Chake, hatujambo kwa uwezo wake Mola, na hali ikizidi kuwa njema tutakuarifu.

Cheo chako sikitaji. Si kwa kukivunjia heshima, hasha. Kwetu mkubwa hatajwi hadharani kama anaitwa mchezoni, na tena wakubwa wa jambo hili ni wengi, nikimtaja mmoja wengine watanuna. Inatosha kusema kwamba wewe ndiye ambaye kijana hapandi ndege kwenda kusoma kwa fedha za serikali, iwe yetu au ya watu, mpaka kalamu yako iguse karatasi yake. Mwenye kalamu hiyo anajijua. Kama hajijui, basi naomba barua hii apewe mwenzake wa chumba cha pili.

Kwanza shukrani. Tunashukuru kwa matangazo ya ufadhili wa masomo ya nje, ambayo hutufikia. Wallahi hutufikia. Mengine hutukuta yamebakiwa na siku mbili tatu, mengine yameshafungwa, lakini hata hayo tunayasoma mpaka mwisho kwa kuwa yameandikwa kwa lugha nzuri. Wala hatuoni ubaya katika kuchelewa kwake. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Nafasi inatolewa na nchi ya nje, ubalozi wake uko Dar es Salaam, wizara ya Muungano iko Dodoma, wizara yetu iko Unguja, na sisi tuko Pemba. Tangazo linapofika Tibirinzi limeshatembea kuliko kijana linayemtafuta. Si ajabu likachoka njiani.

Niruhusu nitoe mfano wa nafasi za Serikali ya Uchina, ambazo vijana wetu wanazitamani sana. Maombi huanza kupokelewa mwanzoni mwa mwaka, na masomo huanza Septemba. Wenyewe wanalipa ada, dahalia na bima, na juu yake posho ya yuan 3,000 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa uzamili na 3,500 kwa wa uzamivu. Mkono mkunjufu kabisa. Lakini wana masharti yao. Wa uzamili awe hajafikia miaka 35, wa uzamivu hajafikia 40. Pana fomu ya daktari inayotaka picha ya kifua, kipimo cha moyo na damu. Pana vyeti vilivyothibitishwa, barua mbili za maprofesa, na mpango wa masomo ulioandikwa ukaandikika. Pana pasipoti, ambayo kwetu ada yake ni shilingi 150,000. Na anayetaka chuo cha Uingereza mara nyingi ataongeza cheti cha mtihani wa Kiingereza, ambao bei yake inapanda na dola, na kuufanya lazima uvuke maji.

Hayo yote yanawezekana kwa anayejua tangu Januari. Anayejua wiki ya mwisho hayawezi, hata akiwa na akili za kupita kiasi. Na anayejua tangu Januari ni nani? Ni yule ambaye nyumbani kwao kuna mtu anayejua. Usinikasirikie, Mheshimiwa, sisemi kuna upendeleo. Nasema tangazo halina haja ya kufichwa ili lisionekane, kucheleweshwa kunatosha.

Watu wa barazani hunambia eti pana vimemo. Mimi huwakemea. Nawauliza, mnao ushahidi? Wananijibu kwamba hawana, kwa kuwa orodha ya waliopata hawajawahi kuiona. Hapo nami hunyamaza, maana orodha sijaiona pia.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya maneno ya barazani. Nimeandika kwa ajili ya popo.

Popo wetu mkubwa, yule mwenye manyoya ya rangi ya kutu anayening'inia mchana kutwa katika miti ya Kidike, hapatikani popote duniani ila kisiwani Pemba. Wataalamu humwita *Pteropus voeltzkowi*. Voeltzkow si ukoo wa Kidike, nimeulizia. Alfred Voeltzkow alikuwa Mjerumani aliyezunguka Afrika Mashariki na visiwa vyake kuanzia 1903 hadi 1905 kwa fedha za wakfu wa Heckmann-Wentzel wa Berlin. Alipita Pemba, na mwaka 1909 popo akatangazwa Ujerumani kwa jina la mgeni wake. Babu zetu walikuwa wakimjua popo huyo miaka na miaka. Walijua anakula nini, anahama lini, na wengine, Mungu awasamehe, walijua na utamu wa mchuzi wake. Wasichokuwa nacho ni nauli, na chuo cha kuwapokea.

Tuseme hayo yalikuwa ya wakoloni. Haya tuje karibu. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, kisiwani humu humu, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, chache za dhahabu na nyingi za fedha, hizi za fedha zikiwa na majina ya watawala wa pwani hii wa karne na karne zilizopita. Aliyeziandikia dunia ikazisoma ni Mwingereza na wenzake. Mahame ya Tumbe na Chwaka, huku huku Pemba, yamechimbwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Vijana wetu walibeba karai za mchanga, na mchanga wa Chwaka, nakuhakikishia, si mwepesi.

Kisha kuna miili yetu, Mheshimiwa. Hapa jirani, Wawi, pana maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, Mtaliana aliyesomea vimelea. Ilifunguliwa mwaka 2000. Kwa minyoo na kichocho, Pemba ni miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana Afrika. Mwaka 2002 na 2003 watoto wadogo wa kisiwa hiki zaidi ya 20,000 waliingizwa katika utafiti wa kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki. Ilipoonekana kwamba waliopewa madini hayo wanaugua vikali na kulazwa zaidi ya wenzao waliopewa kidonge kitupu, sehemu hiyo ikasimamishwa. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zote zenye malaria. Kwa hiyo mtoto wa Brazil au wa Bangladesh anapopewa au kunyimwa kidonge kile, ana deni kwa mtoto wa Pemba. Sisi hatulidai. Tunalitaja tu.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tumepona kwa hakika. Minyoo imepungua, na mkojo wenye damu, ambao zamani mvulana aliuona kuwa ni sehemu ya kukua, sasa ni habari ya kumpeleka kituoni. Sina kinyongo na wageni hao hata chembe. Wana adabu, wanajifunza kusema "hodi", na wenyeji wanaofanya nao kazi Wawi wamo katika makala zao kwa majina. Ninalotaka ulione ni jingine. Utafiti wa kukomesha kichocho ulioanza kaskazini mwa Pemba mwaka 2020 ulilipiwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa Uswisi. Uswisi haina kichocho. Haina bahari pia. Lakini iliona faida kumlipa mtu wake aje akae Pemba, achote maji ya mabwawa yetu, ahesabu konokono wetu, arudi kwao na elimu. Serikali ya mbali imeona Pemba inastahili kusomewa. Naomba kwa unyenyekevu kujua kama serikali ya karibu imeshaona hivyo, au bado inasubiri taarifa.

Maana, tukisema kweli, nafasi zinapopatikana vijana hupelekwa kusomea kile ambacho nchi inayotoa nafasi imekitaja. Wenye nchi wanapanga menyu, sisi tunapeleka walaji. Sijasikia bado, na masikio yangu yanaweza kuwa ndiyo mabovu, kwamba tumekaa sisi wenyewe tukasema: mmoja akasomee maji ya chumvi yanayoingia katika mabonde ya mpunga, mmoja akasomee maradhi ya mikarafuu, ambayo tangu enzi za Masultani ndiyo iliyolipia kila kitu kisiwani isipokuwa utafiti wake yenyewe, mmoja akasomee mwani, mmoja, tafadhali, akasomee popo.

Utaniwia radhi nikirudi nyuma kidogo, wazee hatuwezi kujizuia. Nchi hii inajua thamani ya kumpeleka mtu. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akarudi 1952 na shahada, na mfadhili mwenyewe nadhani alijuta. Baada ya Mapinduzi vijana wa Zanzibar walipelekwa Ujerumani Mashariki, Uchina, Urusi na Cuba. Na nchi hii inajua pia thamani ya kumzuia mtu. Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Pemba, alimaliza kidato cha sita mwaka 1963. Serikali ikamhitaji afundishe, naye akafundisha, katika shule za Lumumba na Fidel Castro, mpaka alipopata kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972. Na hapo ni Dar, wala hatujataja London. Simtaji kwa siasa. Namtaja kwa kuwa huku Pemba kila mzee anaweza kukutajia mwanafunzi aliyesubiri hivyo, na wengi wao hawakufika 1972 yao.

Najua una majibu mawili, na yote yana uzito.

La kwanza, kwamba tukiwapeleka hawarudi. Kweli, wengine hawarudi. Kijana asainishwe mkataba wa kurudi kutumikia, ni haki, wala hakuna mzazi wa Tibirinzi atakayeupinga. Lakini mtu hurudi kwenye kazi aliyoisomea. Aliyekwenda kusomea konokono wa kichocho akirudi akapewa meza ya kuandika barua za likizo, macho yake yatakuwa bandarini kila boti ikipiga honi.

La pili, kwamba siku hizi ng'ambo imekuja yenyewe. Tunalikiri hilo na tunalipongeza. Tangu 2007 Wacuba wa Chuo Kikuu cha Matanzas walisaidia kufundisha madaktari hapa hapa Zanzibar, na mwaka 2023 chuo cha IIT Madras cha India kilifungua tawi lake Bweleo, la kwanza kabisa nje ya India. Ni fahari kubwa. Ila Bweleo iko Unguja, Mheshimiwa, na kwa mtoto wa Tibirinzi Bweleo nako ni kuvuka bahari, kutafuta chumba cha kupanga na kutafuta ada.

Basi naja kwenye ombi. Ni moja, nalo ni la karatasi tupu, halihitaji bajeti ya ziada wala msaada wa wahisani.

Naomba orodha. Kila mwaka, zikishatoka nafasi za serikali za kusoma au kufanya utafiti nje, iandikwe karatasi yenye nchi iliyotoa, idadi ya nafasi, siku tangazo lilipopokelewa na siku lilipofikishwa Pemba, waliopata, wilaya wanazotoka, wanachokwenda kusomea, na kwa waliotangulia, waliorudi na kazi walizopewa. Ibandikwe kwa kila sheha, Unguja na Pemba. Kwa sheha wetu wa Tibirinzi nafasi ya kubandika ipo, na gundi tutanunua wenyewe.

Silitaki hili kwa kukushuku. Nalitaka kwa kukulinda. Tazama yaliyowapata majirani zetu wa Uasin Gishu, Kenya. Wazazi walilipa fedha kupitia mpango wa kaunti ili watoto wao wakasome Finland na Kanada. Wengi wa watoto hawakuondoka, wengine walifika wakakuta ada haijalipwa, na mwaka 2023 viongozi waliokuwa wakiheshimiwa walisimama kizimbani kujibu mashitaka. Mimi sijui nani mkosa pale, mahakama ndiyo yenye neno. Lakini mkubwa ambaye hesabu yake iko ukutani hana wa kumsingizia, na mtoto aliyekosa nafasi kwa haki akiona jina la aliyemshinda na alama zake, atalala usingizi, na asubuhi ataomba tena.

Tena sisi tutakuwa tumenyamaza barazani, jambo ambalo najua ofisi yako ingelipenda.

Mheshimiwa, tangazo la Uchina la mwaka ujao halijatoka. Likitoka, lipe mtu wa boti ya kwanza alilete, na orodha ya mwaka huu ije pamoja nalo. Tunaingoja.

Wassalaam.

Mimi niliye chini ya amri yako,
Mwalimu mstaafu,
Tibirinzi, Chake Chake, Pemba.